Nguzo Chini ya Kitanda

Kabla ya mlipuko hulia king'ora, milio mifupi mifupi inayokimbizana. Kisha kimya, kisha sakafu ya nyumba yetu hapa Uswidi inatikisika na vikombe vinagongana kabatini. Wanachimba njia ya treni ya chini kwa chini, na wanachimba kwa adabu zote za Kiswidi: ujumbe unaingia kwenye simu asubuhi kutuarifu wakazi, na ukutani, kule chini kwenye stoo, wamebandika kifaa cha kupima mtikisiko. Ukilalamika wanakuja kuangalia ufa wako, na wanavua viatu mlangoni. Mimi nilikwishazoea, lakini mama alikuwa ndiyo kwanza amefika kututembelea kutoka Dodoma na nilisahau kumwambia.

Mlipuko wake wa kwanza ulimkuta amejilaza baada ya chakula cha mchana. Alitoka chumbani mbio, khanga ikimwanguka begani, akamkamata mjukuu wake mkono kama anayetaka kukimbia naye. "Nani yuko chini?" akauliza.

"Det är bara tunnelbanan, Bibi," binti yangu Nuru akamjibu bila kuinua macho kwenye simu yake.

Nikamfasiria: ni treni tu, mama, wanatengeneza njia. Akaitikia kwa kichwa, lakini akaenda kukaa kwenye kiti cha karibu na mlango, mkoba mapajani, na hapo alikaa mpaka jioni. Nuru aliona kichekesho. Mimi sikuweza kucheka, maana nilijua mama anakumbuka nini, na ninyi mnaonisoma itabidi niwaeleze tangu mwanzo.

Nilizaliwa kwenye kambi ya wachimbaji wa opali, nyikani, mahali ambapo hata punda wa maji walikuwa wakifika wamekasirika. Opali ni jiwe la ajabu. Likiwa kavu na vumbi lake hulitofautishi na kipande cha kigae. Ukililamba tu, linaamka: weupe wa maziwa, ndani yake kijani, na ndani ya kijani moto kidogo unaopita ukiligeuza. Kwa hiyo sisi watoto wa kambi tulilamba mawe kutwa nzima. Mpaka leo ninaujua utamu wa chokaa na udongo mweupe kuliko ninavyojua utamu wa peremende. Juu ya kambi kulikuwa na vifusi vyeupe kila upande, na chini yake wanaume wametoboa ardhi kama mchwa.

Kila mchimbaji alipigilia vigingi vyake, na kilichokuwa chini ya vigingi hivyo ndicho chake. Ukivuka kwa chini kwenda kwa jirani, damu inaweza kumwagika. Ndani ya vigingi vya baba kulikuwa na shimo, jiko la nje, na nyumba yetu ya vyumba viwili. Baba alianzia mbali, upande wa miti ya miiba, akawa anafuata mshipa wa opali ndani ya mwamba. Mshipa haukumpa kitu, ila ulikuwa unamwelekeza nyumbani. Mwaka niliotimiza miaka saba alikuwa anachimba chini ya chumba chetu cha kulala.

Shimo halikuwa refu kwenda chini, na mwamba wa kule ni laini, hivyo tulimsikia vizuri: nyundo juu ya tindo, taratibu, kutwa nzima. Mimi nilidhani ndivyo baba wote walivyo, kwamba wanaishi chini ya kitanda. Asubuhi nikiamka nikamkosa, nililala kifudifudi sakafuni nikasema, "Shikamoo, baba!" Mdogo wangu Daudi, ambaye alikuwa hajatimiza miaka miwili, alikuwa hapati usingizi bila ile nyundo. Jumapili baba akipumzika, Daudi analia mchana kutwa.

Mwanamke hakuruhusiwa kusogelea mdomo wa shimo. Walisema mawe yanamkimbia, yanazama zaidi, na mke aliyesogea angeweza kupigwa na kambi nzima. Basi mama alikuwa na njia yake. Chakula kikiiva alichukua mchi wa kinu, akaingia chumbani, akagonga sakafu. Baba akisikia, anajibu kwa nyundo yake, goo, goo, na baada ya muda unamwona anatokea mweupe nyusi mpaka kope. Mama hakupakua kabla hajajibiwa. Walikuwa hawazungumzi sana wale wawili, ila hayo majibizano ya mchi na nyundo yalikuwa matamu kuyasikia, na nakumbuka mama alikuwa akitabasamu peke yake akirudisha mchi jikoni.

Halafu tabasamu likaisha. Posho ilipungua hadi tukawa tunakula mlenda na ugali wa mtama mara moja kwa siku, kisha mlenda peke yake. Baba alikonda, akaanza kukohoa kikohozi kikavu, na macho yake yakawa hayatulii juu ya mtu. Alikuwa anatutazama huku anasikiliza kitu kingine. Aliyekuwa akivuta ndoo zake juu, mjomba Saidi, si ndugu yetu wa damu lakini ndivyo tulivyomwita, alikuja nyumbani siku moja asubuhi na kamba yake ameizungusha begani. Hakukubali hata kukaa.

"Shemeji," alimwambia mama, "mimi naondoka. Mwenzangu ameanza kula nguzo."

Mama alikuwa anapepeta. Ungo ulisimama mikononi mwake. Mimi sikuelewa; nilimwona baba akila ugali, sikuwahi kumwona akila nguzo. Lakini mtoto wa kambi hakawii kujua. Wakati wa kuchimba, huachwa sehemu za mwamba zisizoguswa, zisimame kama nguzo za nyumba, zibebe paa la shimo. Mchimbaji aliyemaliza kila kitu, asiye na pa kwenda tena, hurudi nyuma kuzikata zile nguzo kutafuta mabaki. Wenyewe wanaita kula nguzo. Wanaofanya hivyo huwa wamekata tamaa kabisa, na kambi nzima inawajua kwa jinsi wanavyokwepa kuamkiana.

"Amebakiza moja," Saidi alisema. "Iko hapa." Akaelekeza kidole kwenye mlango wa chumba chetu.

Baba alipopanda kula, mama hakumzungusha. Alimuuliza mbele yetu.

"Ni kweli?"

"Nimeliona, mama Rehema," baba alisema, na sauti yake ilikuwa ya furaha, hilo ndilo lililonitisha. "Mshipa umeingia ndani ya nguzo. Kijani kitupu. Naichonga ubavu mmoja tu, nalitoa, basi, tumeondoka huku."

"Basi tuhamishe kwanza. Tukalale hata kwa jirani, kwa mama Asha."

"Nikihamisha watu leo, kesho kambi yote inajua nimeona kitu. Watatoboa kutoka kila upande. Kaeni kama kawaida. Pika kama kawaida."

"Na paa?"

"Litakaa."

"Unaniapia?"

Baba alikunywa maji, akafuta mdomo, akarudi shimoni. Ninawaambia ukweli, nilimwonea fahari. Nilikuwa na baba aliyeona kijani kitupu.

Kesho yake mama hakwenda kupanga foleni ya maji. Alituogesha kwa maji yaliyokuwa yamebaki ya kunywa, jambo ambalo kwetu lilikuwa kama wazimu. Akatupaka mafuta hadi tukang'aa, akanivalisha gauni langu la Krismasi, akamvalisha Daudi shati lake la kola. Nilimuuliza kama tunakwenda kanisani. Akasema hapana, tunakwenda kulala. Mchana ule, jua linawaka, bati juu yetu linalia kwa joto, alitulaza kitandani, mmoja kila upande wake.

Nilidhani tunaumwa. Nilijigusa paji la uso kutafuta homa.

Chini yetu nyundo ilikuwa inafanya kazi. Ilikuwa karibu kuliko siku zote. Kila pigo lilipanda kwenye miguu ya kitanda hadi kwenye meno yangu. Mama aliinama, akachukua mchi aliokuwa ameuweka tayari, akagonga sakafu. Nyundo ikasimama. Kisha baba akajibu kama siku zote: goo, goo. Amesikia. Nikaona ajabu, maana jikoni hakukuwa na chakula kilichoiva.

Mama akashuka, akapiga magoti, akaweka mdomo wake karibu kabisa na udongo wa sakafu, akapaza sauti.

"Baba Rehema! Tuko juu ya nguzo. Mimi na watoto wako wote wawili, tumelala kitandani. Hatutoki!"

Akapanda tena, akatukumbatia.

Kukawa kimya. Sijapata kusikia kimya cha namna ile, hata hapa Ulaya wakati wa theluji. Nzi alitembea kwenye kola ya Daudi. Nilisikia moyo wa mama, niliusikia kwa sikio langu kabisa, na nilisikia, au nilidhani nimesikia, kikohozi kimoja chini. Daudi alianza kunung'unika, amezoea nyundo yake. Mama alikuwa anatazama juu, kwenye bati, midomo imefungwa. Kimya kikaendelea, kikaendelea, mpaka mkono wake ulionikumbatia ukaanza kulegea, na nikahisi kifua chake kinashuka, kama mtu anayetua mzigo.

Ndipo nyundo ikaanza tena.

Mapigo yalikuwa madogo, ya uangalifu. Vumbi laini likapanda kwenye ufa wa sakafu na kusimama kwenye mwanga wa dirisha. Daudi akatulia, akaweka kidole mdomoni, akafumba macho.

Mama alisimama. Alimfunga Daudi mgongoni akiwa tayari amelala, akanishika mkono, tukatoka. Hakuchukua sufuria, hakuchukua hata khanga ya pili. Tulitembea katikati ya vifusi, mimi na gauni langu la Krismasi, watu wakitutazama, hadi barabarani, na lori la mkaa likatuchukua. Nililia njia nzima. Nilimwambia mama kwamba baba atapanda akute hakuna chakula. Hakunijibu, na nilimkasirikia. Niliendelea kumkasirikia kwa miaka mingi, nikiwa kwa bibi, nikiwa shuleni, hata baada ya kuja kusoma huku na kubaki.

Nyumba haikuanguka siku ile. Ilianguka masika, ikiwa tupu. Jiwe nalo lilikuwepo, baba hakudanganya: kipande chembamba kama ukucha, kijani upande mmoja, na nyuma yake mwamba mtupu. Baba alibaki kambini, akahamia shimo la mtu mwingine, akahamia jingine. Alikuja kwa bibi mara moja kututaka. Mama alimkaribisha, akampikia, akamsindikiza hadi kituoni, na hakurudi naye.

Sasa kifua cha baba kimejaa lile vumbi. Yuko kwa dada yake, anapumua kwa shida, na wiki ile ile mama alipokuwa kwangu, baba alinipigia simu na kuniomba jambo moja: aongee na mama, hata dakika tano, kabla hajafa.

Nilingoja hadi Nuru ameondoka, nikamwambia mama. Akakataa. Nilimbembeleza. Nikamtolea lile ambalo nilikuwa nimelitunza maisha yangu yote, lililonifanya nimpende baba hata nilipojua kila kitu kuhusu nguzo. "Mama, alinyamaza. Unakumbuka? Alisimama muda mrefu sana. Alikuwa anatufikiria."

Mama alikuwa anakunja nguo za Nuru kwenye kochi. Hakuacha kukunja.

"Ndiyo," alisema. "Angeendelea kupiga bila kusimama, ningesema hakunisikia, ningerudi baada ya wiki moja. Mtu mwenye njaa hafikirii, ningemsamehe. Lakini alisikia, akakaa chini, akatupima na lile jiwe. Alichukua muda wake, mwanangu. Tukapungua."

Nilikuwa nimeishi miaka yote juu ya kile kimya, nikikiita upendo, na labda upendo ulikuwemo, kwani mtu asiyependa hachelewi vile. Lakini nilikuwa mtoto, na mtoto husikia kwamba baba amenyamaza kwa ajili yake. Hasikii kimya kile kimeishaje.

Jioni baba akapiga. Nikamwambia kwamba mama hataweza kuongea naye. Akakohoa kwa muda, kisha akauliza kama bado ana hasira naye.

"Hapana, baba," nikasema. "Mama hana hasira kabisa."

Ilikuwa kweli. Mwenye hasira nilikuwa mimi, imenishika ghafla na utu uzima wangu wote, nayo ni hasira ya mtoto wa miaka saba aliyevalishwa gauni la Krismasi akalazwa juu ya nguzo. Baba akaanza kukohoa tena, na nikangoja amalize, nikamuuliza kama amekunywa dawa.