Sindano Aliyoiita Mkwe

Mwaloni Nkome, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, Zipora alisikika kabla hajaonekana. Aligeuza dagaa wake juani huku akimtania kila aliyepita, na wavuvi waliotoka ziwani na uchovu wao walipitia kwake kwanza wacheke, ndipo wakalale. Kisukari kilipompata akiwa mtu mzima, mwenye binti wa kuozesha, Dorah, sindano ya insulini aliiita mkwe, kwa sababu haizoeleki na huwezi kuifukuza.

Mwaka jana, asubuhi moja mitumbwi ilirudi imejaa. Zipora alikuwa ameshajidunga, lakini kwa pilikapilika za dagaa hakula. Sukari ikashuka, akaanguka kati ya chanja za kuanikia. Wenzake walimnywesha chai ya sukari mpaka akapata nguvu. Alicheka, nasi wa mwaloni tukacheka, tukaona yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Tangu hapo, kila alipopimwa kliniki sukari ilikuwa juu. Daktari aliongeza dozi, sukari ikapanda tena. Zipora akakonda. Utani ulipungua, kisha akaacha kabisa kuja mwaloni, akisema miguu inamuuma. Mumewe Ndaki, mtu wa maneno machache, alidhani anakula vitamu kwa kificho, akakataza soda nyumbani, hata ya wageni.

Kisha pale kliniki wakaanza kuwauliza wagonjwa wote wa kisukari habari za moyo na akili zao, kila mmoja faragha. Zamu ya Zipora ilimwangukia muuguzi Asteria. Zipora alijibu kwa mkato: hamu ya kazi hana, usingizi hana, chakula hakina ladha. Asteria akamuuliza kama kuna hofu inayomrudia mara kwa mara. Zipora akavuta ncha ya kitenge chake.

“Nikijidunga dawa yote nitafia usingizini,” alisema mwishowe. “Baba Dorah atanikuta nimekauka kama dagaa.”

Akataka kucheka, akalia. Ndipo akasimulia kwamba tangu aanguke alikuwa akijidunga nusu tu, siku nyingine hajidungi kabisa, na kila kabla ya kulala hunywa uji wa sukari ili apambazukiwe.

Asteria hakumgombeza. “Mama, hofu yako ina sababu,” alimwambia. “Ila usibaki nayo peke yako.” Akamweleza kwamba sonona na wasiwasi huwapata wengi wenye kisukari, na ndiyo maana siku hizi wanaulizwa, kama wanavyokaguliwa miguu na macho.

Daktari alipanga dozi upya, Zipora akaanza kuonana na mshauri. Kwa ruhusa yake Ndaki aliitwa, akafundishwa kupima sukari na kutambua dalili zake inaposhuka. Njiani kurudi akasema, “Mke wangu, mimi nilikuwa nakulinda na soda.” Zipora alicheka hadi akashika mti.

Haikuwa kazi ya wiki moja. Hofu bado humtembelea, na zipo siku halali vizuri. Lakini sukari imetulia, na mwaloni amerudi, ingawa jua likikaza anaenda nyumbani kula. Jioni Ndaki humpima. Vidole vyake vinene vya jembe hutetemeka kila anaposhika kile kisindano kidogo cha kupimia, na Zipora, mkono ameshaunyoosha, humwambia taratibu, “Vuta pumzi, Baba Dorah. Ninayetobolewa ni mimi.”