Kioo cha Upande wa Dereva

Mume wangu alipofariki aliniachia watoto wawili na gari kuukuu ambalo kioo cha upande wa dereva kilikuwa kimezama ndani ya mlango. Kilikwama siku alipotoka Cyanzarwe kununua karoti. Alibandika nailoni kwa selotepu, akasema atakishughulikia akipata nafasi. Akaugua kabla hajaipata.

Kadi ya gari ilikuwa na jina la kaka yake mkubwa. Ndiye aliyelinunua walipokuwa bado wakiishi Goma, ng'ambo ya mpaka, akampa mdogo wake siku tulipooana. Baada ya mazishi hakuna aliyelitaja. Nilidhani ni heshima kwa mjane. Leo naona walikuwa wakiiogopa ile nailoni tu.

Msimu mzima wa mvua niliwapeleka watoto shule, kisha nikashuka mjini kazini, bega la kushoto likiwa limelowa. Nilizoea kuweka blauzi ya pili kwenye droo ya ofisi. Gari lilinuka kama godoro lililolala nje. Hata kuliegesha karibu na soko sikuweza, maana yeyote apitaye angeingiza mkono.

Jumamosi moja, tukiwa tumetoka kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, shemeji yangu huyo mwenye kadi alikuja na kisanduku cha vifaa. Mimi nilizaliwa Karagwe, Kiswahili changu ni cha Tanzania. Yeye anasema kile cha Kongo, na mume wangu alipenda kututania sote wawili. Aliinama, akachungulia mlango.

"Shemeji, hii kioo haijakufa," alisema. "Imetoka tu mu njia yake."

Alifungua skrubu, akachomoa mpini wa kuzungushia kioo, kisha akabandua ubao wa ndani polepole, usije ukapasuka. Nyuma yake mlikuwa na kutu na maji yaliyotuama. Kioo kilikuwa kimelala upande chini kabisa, kimechomoka kwenye mkono wa chuma unaokiinua, kwa sababu kigurudumu kidogo cha plastiki kilikuwa kimekatika. Kigurudumu kipya alikuja nacho mfukoni. Nikauona huo nao kuwa wema: kwamba alikuwa ametufikiria tangu akiwa njiani.

Aliniambia nipitishe mikono yote miwili kwenye tundu la mlango, nikisukume kioo juu, nikishikilie. "Usiiache. Ikianguka tena itavunjika." Nilikishikilia mpaka mabega yakatetemeka, yeye akipachika kigurudumu na kukaza nati. Ili nisichoke alinisimulia jinsi mume wangu, akiwa mdogo, alivyokataa kuoga ziwani hadi mama yao akamfuata na ndoo nyumbani. Nikacheka. Sikuwa nimecheka tangu msiba.

Tulisafisha raba za kioo kwa maji ya sabuni, tukapaka grisi, kisha akazungusha mpini. Kioo kilipanda taratibu mpaka juu. Nililia, naye akageuka pembeni ili nisione aibu.

Nilimpikia sombe, yaani kisamvu, na sambaza, vile vidagaa vya ziwani. Alikula, akanawa, akaomba ufunguo alijaribu gari. "Nafanya essai kidogo, nione kama haitarudi chini." Watoto wakataka kwenda naye. Akasema siku nyingine.

Hakurudi. Nilipompigia jioni, alisema gari litalala kwake. Jumatatu nilipanda pikipiki, watoto wakibanwa kati yangu na dereva. Siku zikapita, na nilipouliza tena alinijibu bila kupepesa macho: kadi ni yake, mdogo wake hayupo tena, na yeye ana biashara ya kuanzisha. Nilimwendea kiongozi wa mtaa. Aliniambia kwa upole kwamba aliyeandikwa kwenye kadi ndiye mwenye gari.

Nikaenda Nyakiriba kwa mama mkwe. Alikuwa akimenya viazi. Nilimweleza yote, naye bila kuinua macho akasema gari si shamba, nisivunje ukoo kwa sababu ya mabati. Nilimwambia gari lingeweza kwenda, ningelia nikanyamaza. Kilichoniuma ni namna lilivyochukuliwa. Akasema mwanawe atakuja Jumapili, nimwambie mwenyewe.

Alikuja. Tuliketi sebuleni. Maneno niliyoyapanga njia nzima yakanikimbia, likabaki moja.

"Kwa nini hukuniambia kabla sijakushikia kile kioo?"

Alifikiri. Naapa alifikiri kweli, kama mtu aliyeulizwa jambo la haki.

"Ungenishikia?"

Mama mkwe aliinuka kwenda kuangalia chungu jikoni, nami nikatazama mikono yangu nisijue pa kuiweka. Nimelirudia swali lake mara nyingi tangu siku hiyo. Jibu ni hapana, nisingemshikia, na yeye alilijua, ndiyo maana akaja na kisa cha kunichekesha. Kisa chenyewe ni cha kweli, nimeuliza. Lakini sijawahi kuwasimulia watoto, ingawa ni cha baba yao.

Gari liliuzwa ng'ambo ya mpaka kabla kiangazi hakijaisha. Kila mavuno shemeji hututumia gunia la viazi, na watoto humshukuru kwa simu, wakigombania nani aongee kwanza. Mimi huvipika. Vinaiva vizuri, na mimi pia huvila.