Kiti cha Sentimita

Kwenye barabara ile nyuma ya soko kuna mafundi matairi wanane. Saba kati yao watakufungia tairi lolote unalotaka, hata la toroli, mradi umesisitiza. Wa nane ndiye Sentimita. Huyo lazima abishane nawe kwanza.

Jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye kitambulisho tu. Hili la Sentimita alipachikwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni utepe wake wa kupimia. Mkewe, fundi cherehani, aliunganisha tepe mbili za kushonea kwa sababu moja haikutosha kulizunguka tairi. Kwenye maungio alikunja akapiga mishono mitatu, kwa hiyo utepe ule humeza sentimita tatu na kukana mchana kweupe.

"Unadanganya," Sentimita huwaambia wateja kwa fahari, "lakini unadanganya wote sawasawa. Nitajieni mkubwa mwingine wa hivyo."

Sababu ya pili ni mguu wake wa kushoto, mfupi kuliko wa kulia kwa sentimita mbili tangu azaliwe. Mkewe humshonea suruali zenye miguu isiyolingana, naye amebandika kipande cha tairi chini ya kiatu cha kushoto.

Kibanda ni chao wote wawili: nusu nyuzi, nusu grisi. Mpakani kulikuwa na kiti kifupi. Mwaka juzi, mgongo ulipomlaza Sentimita wiki mbili, mkewe alichukua tairi moja kuukuu, akalijaza sponji, akalivika vipande vya vitambaa vya rangi saba. Hakuna mteja aliyeruhusiwa kukikalia. Hata mkaguzi wa manispaa aliombwa, kwa heshima zote, aendelee kusimama.

Jumamosi moja asubuhi akaja mkunga mstaafu. Mstaafu kwa maandishi tu, maana bado anapanda mlimani kuzalisha, kwenye njia ya matope ambako magari ya wenzake hukwama na kuimba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Gari langu linaguna."

"Linaguna vipi?"

"Kama mjamzito aliyeshikwa na uchungu lakini hataki kusumbua majirani. Nikikata kona tu, linaguna. Na linanuka oili iliyoungua."

Ilikuwa hivi. Wiki iliyopita tairi moja la nyuma lilikuwa limekwisha, kipara kitupu, na mmoja wa wale mafundi saba akamfungia jipya. Moja tu. Matatu yaliyobaki yalikuwa yamelika nusu. Tangu siku hiyo, miguno.

"Na mwanangu wa kuzaa anakuja hapa saa tano na mnunuzi," mkunga akasema, akaitazama saa yake ya kuhesabia mapigo ya moyo. "Anafanya kazi bima, kazi ya kuogopa kwa niaba ya watu wengine. Ameniambia gari limechoka na mimi nimechoka. Tumepatana: likitulia, funguo zangu. Likiguna, anauza. Kule juu nina wasichana watatu wananingoja, mwanangu. Mmoja ana mapacha."

Sentimita akachukua pampu. Alisawazisha upepo, akapiga jeki, akauzungusha utepe kwenye gurudumu moja baada ya jingine. Matatu yalilingana. Jipya likazidi kwa sentimita mbili na nusu.

"Huyu mgeni ana hatua ndefu," akasema. "Gari lako linavuta kwa magurudumu yote manne, na katikati kuna difu linalowagawia nguvu. Wenzake wakizunguka mara mia, yeye hafiki mia. Sasa difu linashinda kutwa likisuluhisha ugomvi mpaka linachemka. Ukiliacha hivi, litakufa."

"Dawa yake?"

"Mapya manne, na ya saizi hii barabara nzima hakuna. Au tupate kuukuu lililolika kama wenzake."

Akaingia kwenye rundo lake. Akavuta, akapima, akatupa, akatukana kidogo, akaomba radhi kwa mama, akavuta tena. Saa nne na nusu ikamkuta amekuwa mweusi mpaka kope. Hakuna. Ndipo jicho lake likatua kwenye kile kiti, likaruka haraka kama limeungua.

"Nimeona," mkewe akasema kutoka kwenye cherehani.

"Sijasema kitu."

"Jicho lako limesema. Si tairi lake lilitoka kwenye gari kama hili, lile lililogonga mti?"

"Acha, mke wangu. Kiti ulinishonea wewe."

"Nilikushonea kwa sababu ulikuwa unaumia. Leo yuko mwingine. Shika hapo." Na mkasi ukaingia kwenye rangi ya kwanza.

Sponji ikamwagika. Ndani yake ikatoka kastabini ya fedha, kinga ya kidole cha mkewe anaposhona, ambayo kwa miaka miwili mama mwenye nyumba wao alikuwa ananuniwa kwa kuiiba.

"Mwizi kapatikana," akasema Sentimita.

"Kesho nitamsalimia vizuri," mkewe akasema, akaitia kidoleni.

Sentimita alilipapasa tairi ndani na nje, akalikunja akitafuta nyufa. Halikuwa na hata moja. Akalifunga, akalijaza upepo, akauzungusha utepe. Tofauti haikufika hata nusu sentimita.

"Hawa ni ndugu," akanong'ona.

Alikuwa anakaza nati ya mwisho mwana wa mkunga alipofika na mnunuzi wake. Akaelezwa kisa, akacheka.

"Sentimita mbili na nusu? Fundi, hiyo ni kucha. Usimjaze mama yangu maneno."

Sentimita akavua kiatu chake cha kushoto. "Vaa hiki, baki na chako kulia. Nenda hadi duka la dawa urudi."

Kijana wa bima, kwa kuwa mnunuzi alikuwa anatazama, akavaa. Alienda akitabasamu. Alirudi ameshika kiuno.

"Na hapo umetembea kidogo tu," Sentimita akamwambia taratibu. "Difu lilitembea wiki."

"Ingia," mama yake akaamuru.

Wakazunguka uwanja wa kibanda, usukani umekatwa hadi mwisho, mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Mwana alikuwa ameinama, sikio karibu na sakafu, kama mama yake anavyosikiliza matumbo ya watu. Kimya. Mnunuzi akaaga akaenda kunywa chai.

Mwana akatoa mfukoni ufunguo wa akiba, akauweka kwenye kiganja cha mama na kukifumba.

"Nikusindikize mlimani leo?"

"Wewe? Utazimia nianze kukuhudumia wewe." Lakini hakumshusha. Wakaondoka wote wawili, na lile tairi jipya mama akaliacha pale: "Lishoneeni."

Kabla ya kufunga, kiti kipya kilikuwa tayari. Sentimita akakikalia, miguu ikaning'inia.

"Umezidisha sponji."

"Makusudi," mkewe akasema, bila kuondoa mguu kwenye cherehani. "Miaka miwili nimekuwa nikiongea na kipara chako. Sasa angalau nakuona macho."