Divai Niliyoihukumu Salamabila

Niseme mara moja, maana kuficha kumenichosha: siku ile nilipoihukumu divai ya mama mmoja wa Salamabila, pua yangu ilikuwa imekufa. Homa ilinilaza wiki tatu pale Kasongo, ikaondoka na harufu zote. Sombe, kahawa, samaki ya moshi, vyote vikawa kitu kimoja mudomoni, maji ya vuguvugu. Sikumuambia mutu. Nilikuwa nimehudumia meza ya mapadri miaka mingi, ndiko nilijifunza divai, na watu mpaka Kabambare walikuwa wananiheshimu kwa ulimi huo tu. Bila ulimi mimi ni nani? Muzee mwenye koti.

Basi mununuzi mmoja wa dhahabu alikuwa anatafuta mahali pa kufanyia arusi ya binti yake. Akanipandisha pikipiki. "Papa, twende ukanionjee."

Nganda ya yule mama, baa yake ya kando ya njia, ilijulikana kwa vitu viwili: nyama ya ng'ombe ya kuchoma, na wiski. Ukuta muzima ulikuwa wiski. Wachimbaji wanakunywa, wanapigana, wanavunja viti, yeye anafagia. Alikuwa mujane na alikuwa amechoka nao. Alitaka familia zije, watu wa ubatizo na arusi, watu wenye kukaa kwa adabu. Ndiyo sababu aliagiza divai, makartoni mawili, siku nne juu ya pikipiki ndani ya matope, kila chupa imeviringishwa kipande cha blanketi lake la kitandani. Arusi ile ndiyo ingemufungulia mulango.

Alinimiminia kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo. "Onja, Papa. Useme kweli."

Nikazungusha glasi, nikanusa, nikafunga macho kama zamani. Hakuna kitu. Woga ukanishika, nikawaza upesi: ukisifu, watu wataonja wahakikishe, na ikiwa mbaya umeumbuka. Ukilaani, hakuna atakayegusa. Na ulimi hauna mufupa. Nikatema chini, karibu na viatu vyake.

"Mama, hii ni nini? Jua limeipika njiani! Unataka kuwanywesha wakwe siki? Weye uza wiski yako, ndiyo saizi yako."

Watu wakacheka. Na niseme yote: kicheko kile kilinipendeza. Nikaendelea. Nikazicheka glasi zake, nikauliza kama ng'ombe naye alikuja kwa pikipiki.

Muchimbaji mmoja alinyanyua glasi niliyoiacha, akainywa yote. "Mbona iko tamu, Mama! Haki ya Mungu, iko tamu!"

"Nyamaza!" nikamukatiza. "Mutu wa wiski ya sashe za plastiki! Ulimi yako ilikufa zamani!"

Mununuzi wa dhahabu alicheka mpaka akapangusa machozi. Kisha akasimama. Hakuonja hata tone. "Basi, tutafanyia Kasongo," akasema, na yule mama akaitikia kwa kichwa kama mutu anayepewa habari ya musiba.

Hakubishana. Alibeba makartoni nyuma ya jiko, akaanza kumwaga kwenye migomba, chupa moja baada ya nyingine. Pale nilipoketi nilikuwa nasikia kila chupa ikilia divai inapotoka. Neno moja tu lingetosha kumuzuia. Nikaomba kijiti cha kuchokolea meno.

Asubuhi, kabla hatujaondoka, alikuja pale nilipolala. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisa, mukononi beseni iliyofunikwa. Ndani mulikuwa na paja la mbuzi, ndizi za kuchoma na pilipili.

"Aksanti sana, Papa. Umeniokoa na aibu. Unajua, siku ile divai ilipofika nilionja kidogo. Nikaona iko muzuri, nikalia kwa furaha. Kumbe sijui kitu." Akacheka, akijicheka mwenyewe. "Sasa nitabaki tu na wiski yangu na walevi wangu."

Nikavuta beseni. Aliketi kwenye kigoda, mikono juu ya magoti, akinitazama nikila. Nikatafuna. Maji ya vuguvugu.

"Chumvi inatosha, Papa?"

Angekubali lolote ambalo ningesema, na mimi nilijua hivyo.

"Imezidi," nikamuambia.

Akaniomba musamaha.