Dawa ya Pamba na Jina la Bibi

Baba mkubwa alipofikishwa hospitali mjini Bariadi, mate yanamchuruzika, misuli inamrukaruka na mboni zimesinyaa, mimi nilifurahi. Sitajisafisha. Nilisimama mlangoni nikamtazama, nikafurahi.

Mama yangu aliugua hivyohivyo nilipokuwa mdogo, kwenye shamba la pamba la huyuhuyu baba mkubwa. Alimbebesha bomba la dawa lililokuwa linavuja, mama akapuliza tangu asubuhi, kanga imelowa mgongoni. Alikufa kabla hatujapata gari. Matanga hayajaisha, baba mkubwa akatangaza kwamba bibi, mama mzazi wa mama yangu, ndiye aliyemloga mwanawe. Akamfukuza. Bibi akaenda kwa ndugu zake Bukundi, na uvumi ukamfuata hukohuko. Hakuna aliyemwalika hata harusini.

Mimi nikasoma, nikawa mwalimu wa baiolojia. Somo la neva lilinipa silaha, nikaitunza.

Sindano zilipompa nafuu, ndugu wamezunguka kitanda, baba mkubwa akauliza, "Nani kanifanyia hivi?"

"Ngoja nikwambie," nikasema. "Seli za neva hazigusani na misuli. Katikati kuna upenyo mdogo mno. Neva ikitaka msuli ukaze, inamwaga kemikali pale, msuli unapokea ujumbe. Halafu kuna kitu kinachoifagia kemikali hiyo ili msuli ulegee. Dawa ya pamba inaua huyo mfagiaji. Ujumbe haufutiki. Msuli unaambiwa kaza, kaza, kaza, mpaka unachoka kabisa, hata ule wa kupumulia. Ndicho kilichokupata. Ndicho kilichomuua mama. Ulipuliza kwa bomba gani?"

Shangazi akanigusa bega. "Ng'wanone, mwanangu, mtu mgonjwa huyu. Mwache."

Sikumwacha. "Bomba gani, baba mkubwa?"

"Lile la zamani."

"Linavuja?"

"Linavuja."

"Basi bibi alimloga nani?"

Akalia. Akakiri mbele ya wote kwamba bibi hakuua mtu. Nikamwambia maneno ya wodini hayamfai bibi, akayaseme Bukundi.

Alipotoka hospitali nilimpeleka mwenyewe. Alipiga magoti mbele ya bibi, akasema yote. Bibi, na roho yake ile ya ajabu, akamsogezea kigoda. "Yatosha," akasema. "Nimesikia."

"Bado," nikasema. Bibi alikuwa amesikia, lakini majirani hawakuwa wamesikia, na wao ndio waliokuwa wakimkwepa njiani.

Nikamtoa baba mkubwa nje. Kule kwa wafugaji miji imetawanyika, kutoka boma moja hadi jingine ni mwendo, na miguu yake haikuwa na nguvu bado. Kila boma alibisha hodi, akavua kofia, akasema kwamba yule bibi si mchawi, kwamba bomba lake yeye ndilo lililoua. Mimi nilisimama nyuma yake kuhakikisha haruki neno.

Jua lilipokuwa kali aliniomba maji ya kunywa. Nikamwonyesha boma linalofuata.