Ubeti wa Ndoo

Nakumbuka siku moja nimekaa kwenye studio ndogo pale Masasi mjini, jasho linanitiririka mgongoni, namwambia fundi wa kurekodi akate ubeti mzima wa wimbo wa bibi. Nakuandikia habari hiyo, Rehema mwanangu, kwa sababu jana umenitumia wimbo wako unaotaka kuupeleka kwenye tuzo, umeubadilisha tena, na chini yake umeandika: "Mama mdogo, huu mstari hautamkera mtu kweli?" Nilicheka peke yangu jikoni mpaka nikaunguza vitunguu.

Najua utasema huyu naye anajifanya mzee. Sina mvi hata moja, na cheti changu cha chuo bado hakijapauka. Lakini mimi ni mdogo wake mama yako, na kwa ukoo wetu hilo linanifanya mama yako. Uzee nimepewa, sikuuomba. Basi tulia unisikilize.

Mwaka ule nilikuwa nimerudi Chiungutwa kutoka chuo. Kazi sina, nasaidia kuokota korosho, na muda uliobaki nawaza. Nilikuwa hodari wa kuwaza. Nikitumiwa ujumbe usemao "sawa", nilikaa kutafuta ni sawa ya furaha au sawa ya hasira. Bibi Somoe, mama yake mama yetu, alikuwa akinitazama tu na kutikisa kichwa.

Wewe ulikuwa mdogo, labda hukumbuki kikundi chake. Walikuwa akina mama wa pale kijijini wanaoimba kwenye harusi na wakati wa kubangua korosho. Bibi anaanzisha, wenzake wanaitikia, ngoma ndogo na debe vinapigwa. Sauti yake ilikuwa imeanza kukwama akipanda juu. Anafika pale penyewe, inakatika, anakohoa, anacheka, anaendelea. Hakuna wimbo wake hata mmoja uliokuwa umehifadhiwa vizuri. Kulikuwa na video za harusini tu, ambazo watoto wanaopiga kelele wanasikika kuliko yeye.

Ndipo redio moja ya huku kwetu ikatangaza tuzo za muziki. Upande wa nyimbo za asili, kikundi kitakachoshinda kingerekodiwa nyimbo zake zote bila malipo, na vifaa vizuri. Bibi aliposikia alizima redio, akaniita. "Dija, wewe ndiye msomi. Nipelekee wimbo. Nataka nyimbo zangu zibaki kabla sauti haijaniaga."

Mwanangu, mzigo ule niliubeba kama nimekabidhiwa yai la mbuni. Masharti niliyasoma mpaka simu ikaisha chaji. Kila kikundi kinapeleka wimbo mmoja, uliorekodiwa mwaka huohuo, na majina ya wote walioimba. Majaji wanasikiliza kwanza bila kuambiwa ni wa nani, wanachagua wachache. Kila wimbo uliochaguliwa unapewa namba, na wasikilizaji wanapiga kura kwa kutuma ile namba kwa ujumbe wa simu, laini moja kura moja. Hayo yote niliyaelewa. Kilichoninyima usingizi ni sharti moja lililoandikwa mwishoni, kwamba wimbo usiwe na maneno ya kudhalilisha mtu au jamii yoyote.

Na wimbo wa bibi ulikuwa na ubeti wa ndoo.

Unajua sisi wa huku chini, Masasi, na wale wa juu, Newala, tunavyotaniana. Wao hutuambia tunaishi chini ya majabali kama mijusi, jua likiwaka tunatoa vichwa. Sisi huwatania kwa maji, maana zamani kule juu maji yalikuwa ya kuteremkia bondeni na kupanda nayo kichwani. Sasa bibi alikuwa akiimba hivi:

*Mtani wa Newala ukimpa ndoo,*
*leo anaoga kichwa, kesho kutwa mgongo,*
*maji yakibaki anamrudishia jirani.*

Na wenzake wanaitikia, "Mrudishie, mrudishie." Harusini, hapo ndipo watu walikuwa wanaanguka kwa kicheko. Mimi nikaanza kuwaza. Je, jaji akiwa mtu wa Newala? Je, shida ya maji ni kitu cha kuchekea? Je, tukifutwa, bibi atapata lini nafasi nyingine? Niliwaza mpaka ule wimbo nikausikia kama kosa la jinai. Wimbo tulikuwa tumeshaurekodi na kikundi pale studio ya Masasi. Nikarudi peke yangu bila kumwambia mtu, ubeti ukakatwa, ngoma ikaunganishwa vizuri hata huwezi kujua. Nikautuma. Nikarudi nyumbani nikala ugali kwa raha kwa mara ya kwanza wiki ile.

Majaji wakatuchagua. Bibi alicheza kwenye uwanja wa nyumba na ungo kichwani. Tukapewa namba yetu, na mimi nikateuliwa kuwa mwombaji kura.

Hapo Chiungutwa kila mwenye simu alitupigia kura, lakini kijiji ni kijiji. Kwaya iliyokuwa inashindana nasi ilikuwa na waumini kila kona, na kikundi kingine kilikuwa na watu wa mjini. Bibi akasema hana wasiwasi, watani zake wapo. Akanituma nipande Kitangari, upande wa Newala, kwa Mzee Abdala, rafiki yake wa siku nyingi; sijawahi kuwasikia wakiamkiana bila matusi. Huyo akikubali, alisema, na kilima chote kimekubali.

Nilipanda bodaboda nikamkuta barazani na wazee wenzake, wanacheza bao. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza kama mijusi wote wa kwetu hawajambo. Nikamweleza habari ya kura. Wakaacha bao. Akaniambia niupige wimbo, na wote wakainama kwenye simu yangu. Niliona mmoja ameanza kutabasamu mapema, amejiandaa.

Wimbo ukaenda, ukaenda, ukaisha. Hakuna aliyecheka.

"Umekwisha?" Mzee Abdala akauliza.

Nikasema ndiyo.

"Na sisi tuko wapi?"

Nikajieleza. Nilitumia maneno yote ya chuo, heshima, hisia za jamii, masharti ya mashindano. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akawageukia wenzake, akawaambia kwa sauti ya msiba kwamba watani wa Masasi wamewafuta. Mmoja akauliza wamekosa nini. Mwingine akasema pengine siku hizi kuna watani wapya, wenye maji zaidi.

Nilidhani ni mzaha, mwanangu. Nusu yake ulikuwa mzaha. Lakini Mzee Abdala aliponisindikiza hadi barabarani alisema neno ambalo sijalisahau. "Mjukuu wangu, yale maji tuliyabeba kichwani sisi na mama zetu. Somoe akiimba pale, tunacheka, tunajua kuna mtu anakumbuka. Sasa umeona aibu kwa niaba yetu. Nani alikutuma?" Kura hakuniahidi. Alisema tu kwamba simu za Newala zinajua kusubiri.

Nilishuka kile kilima nimejifunika kanga usoni, hata dereva wa bodaboda akauliza kama nimefiwa.

Kufika nyumbani, bibi alikwishapigiwa simu. Nilimkuta anachambua mboga. Sikuweza hata kuketi. Nikasimama nikimwambia tumekwisha, masharti yanasema wimbo haubadilishwi kura zikishaanza, nimekuharibia, nyimbo zako hazitabaki. Nikalia. Bibi aliendelea na mboga zake mpaka nikamaliza machozi, kisha akaniuliza swali dogo sana.

"Kabla ya kukata, ulimuuliza mtu wa Newala?"

"Hapana, bibi."

"Uliniuliza mimi?"

"Hapana."

"Basi uliogopa kwa niaba ya watu wasioogopa. Siku tulipomzika babu yako, Abdala na wenzake walilala njiani jeneza lisipite mpaka tuwape jogoo. Mimi mjane nilicheka, siku ile ile. Unadhani alinidharau? Alinishika mkono namna hiyo." Akanisogezea ungo nimsaidie. "Mtu ukimpenda, Dija, usimkatie maneno kimyakimya. Muulize. Haya, hao wa redio hawatupi nafasi ya kusema?"

Walikuwa wanatupa. Kila kikundi kilipewa muda mfupi hewani kuomba kura, na mimi nilikuwa nimemwandikia bibi maneno ya kusoma, ya adabu kabisa. Tulipofika mapokezini nikamuuliza dada aliyekuwepo kama utani unahesabiwa kuwa kudhalilisha. Akaniangalia kana kwamba nimemuuliza iwapo maji yanalowesha. "Sharti lile ni la chuki, mdogo wangu. Mimi mwenyewe wa Newala. Ule wimbo nausikia tangu niko shule, nilishangaa mmenitoa."

Bibi hakusoma karatasi yangu. Aliwasalimia wasikilizaji, akasema mjukuu wake aliwaonea watani huruma akawatoa kwenye wimbo, kwa hiyo amekuja mwenyewe kuwarudisha. Akauimba ubeti wa ndoo bila ngoma. Kisha akaongeza mwingine aliokuwa ameutunga njiani, kuhusu Mzee Abdala na sabuni aliyorithi kwa babu yake. Alipopandisha sauti ikakatika kama kawaida. Akakohoa, akacheka, akaendelea. Mtangazaji alikuwa ameshika tumbo.

Walioanza kupiga simu studio walikuwa wa Newala, wanatuita mijusi. Lakini kila aliyetutukana alimalizia kwa kutaja namba yetu, amekwishaituma.

Tukashinda. Siku ya kukabidhiwa, bibi alipanda jukwaani na kanga mpya akapokea tuzo, ngoma ndogo iliyochongwa kwa mpingo, nzuri hasa. Hata makofi hayajaisha, namwona Mzee Abdala anapanda ngazi taratibu na fimbo yake. Akamwamkia mgeni rasmi kwa heshima zote, akaichukua ile ngoma mikononi mwa bibi, akaiweka kwapani, akashuka nayo. Wazee wenzake wakampokea mlangoni kwa vigelegele vya kiume, wakaondoka.

Mimi niliruka. Nilishaanza kuandika kichwani barua ya kuwaeleza waandaaji kwamba tuzo imepotea mkononi mwetu. Bibi akanikamata upindo wa kanga.

"Mwache," alisema, na uso wake uling'aa kuliko wakati anaitwa jina. "Sasa ndiyo tumeshinda."

Ile ngoma iko Kitangari mpaka leo. Kuikomboa inatakiwa bibi aende akaimbe barazani, na kila akienda wanasema ubeti hautoshi. Nyimbo zake zote zilirekodiwa, unazo kwenye simu yako, na kikohozi chake kimo. Fundi alitaka kukitoa. Safari hiyo nilimuuliza bibi kwanza, akasema kiachwe.

Kwa hiyo, mwanangu, nasaha yangu ndiyo hii. Masharti yasome, yasome kwa makini, lakini usiyasome mpaka yakaanza kusema yasiyoyasema. Palipo na shaka, mwulize aliyeyaandika. Ule mstari unaomtania mwalimu wako wa zamani, unaoogopa kwamba utamkera, mpelekee mwalimu mwenyewe, uuimbe mbele yake, umwone usoni. Akikasirika, utautoa kwa haki. Akicheka, umepata mpiga kura. Lakini usiketi peke yako na mkasi. Nimewahi kuketi hapo, najua kiti kilivyo.

Hofu yenyewe usiitegemee iondoke. Hata barua hii nimeifuta mara nyingi nikijiuliza kama utaona nimekusema. Naituma hivyo hivyo.

Mungu akupe sauti isiyokauka na watu wa kuitikia. Akupe majaji wenye masikio, na watani wa kukunyang'anya kila utakachoshinda, ili usikae nacho peke yako. Nenda mwanangu, wimbo uwe mzima, nawe uwe mzima.