Mchumba wangu anataka niwe dada yake kwa siku moja

Admin, jina langu naomba libaki kwako. Nina miaka 31, naishi Mbeya, nina stoo ya viazi mviringo hapa soko la Soweto. Sikurithi kitu. Nilianzia Nyololo, kijijini kwetu kando ya barabara kuu, nikiwa na miaka tisa, nakimbilia madirisha ya mabasi na ndoo ya viazi alivyochemsha mama. Leo napakia fuso mbili kwa wiki na sidaiwi na mtu.

Nina mchumba, nimwite Frank. Anasoma chuo Iringa. Baba yake ni mwalimu mkuu mstaafu, na yeye amesoma shule za bweni tangu darasa la tatu. Ndoa ni mwezi ujao.

Mwaka huu chuoni kwao zilikuja warsha za kuanzisha kampuni na teknolojia ya blockchain. Alivyonielewesha, ni kumbukumbu za kwenye mtandao ambazo zikishaandikwa hakuna wa kuzifuta wala kuzichakachua. Wazo lake: kila gunia la viazi libandikwe stika, mnunuzi wa Dar aiskani kwa simu aone limetoka shamba gani. Uongo wa madalali uishe. Nilizidi kumpenda. Nikampeleka hadi kwa wakulima wangu.

Tangu hapo akawa ananiuliza habari za utoto wangu. Mvua ikinyesha mlijificha wapi? Makonda walikutukana vipi? Anarekodi kwa simu, eti anapenda sauti yangu. Hakuna mwanaume aliyewahi kuniuliza hayo. Namsimulia huku nalia, najua nimepata mtu.

Siku ya mashindano yao nikaenda Iringa, nikakaa nyuma ukumbini. Frank akashika maiki: "Mimi ni mtoto wa Nyololo. Nimeuza viazi madirishani miaka mitano. Ndoo yetu ilikuwa na ufa, mama akiuziba kwa sabuni ya mche."

Ndoo ile ni ya kwetu! Na mimi barabarani nilikaa miaka mitatu. Yaani hata cha wizi kakitia chumvi. Majaji wanafuta machozi, akawa wa kwanza.

Nje nikamuuliza, "Frank, wewe viazi uliuza lini?"

Akacheka. "Mpenzi, ile ni pitch tu, maneno ya kuuza wazo. Mkufunzi katuambia mwekezaji hanunui bidhaa, ananunua mwanzilishi. Ulitaka niseme baba alikuwa ananiletea maziwa bwenini?"

"Si ungesema ni maisha ya mchumba wako?"

"Wewe hujasajiliwa kwenye timu."

Sasa wafadhili wa mashindano wanakuja Nyololo Alhamisi ya wiki ijayo kuona alikokulia. Frank kaenda kwa mama yangu hukohuko bila kunishirikisha, na sukari na kitenge, kamwomba aseme yeye ndiye aliyemzaa. Mama kakubali! Nilipompigia akanijibu, "Mwanangu, kwani mkwe si mtoto? Usije ukamharibia mumeo riziki."

Nikamuuliza Frank, "Mama akiwa mama yako, mimi siku hiyo nitakuwa nani?"

Hakusita hata kidogo. "Dada yangu. Pete utaivua kidogo tu, wakiondoka unavaa."

Tangu hapo kila kitu nakitilia shaka. Nikipiga hesabu, posa ililetwa wiki ileile walipoanza kufundishwa kujieleza mbele ya wawekezaji. Alinichumbia mimi au alichumbia historia yangu? Namba za wakulima wangu wote anazo. Nikihoji, naambiwa nawaza sana kwa kuwa sikusoma. Sokoni mwenzangu mmoja kaniambia, "Shoga, vua pete, hela iingie." Mwingine akadakia, "Thubutu! Leo dada, kesho atakuita shangazi."

Kanisani tumeshatangazwa mara mbili. Jumapili hii ni mara ya tatu, mchungaji atauliza kama kuna mwenye pingamizi. Mliooa na mlioolewa, niambieni ukweli hata kama utaniuma: ninyamaze, niwe dada wa mume wangu kwa siku moja, mambo yapite? Au bibi harusi mwenyewe naye anaruhusiwa kunyoosha mkono?